Trekta la Kopo na Bakuli la Mbegu

Ndala ikikatwa kwa kisu cha moto hutoa moshi mweusi wenye harufu kali, harufu inayokaa kwenye nywele mpaka kesho yake. Juzi harufu hiyo ilinifikia nikiwa nimekaa uani kwangu hapa Kaniha, namsubiri dereva arudishe trekta kutoka shamba la mteja. Nilipochungulia nyuma ya jiko nikamkuta mjukuu wa jirani yangu, msichana wa miaka tisa hivi, amepasha kisu kwenye makaa na anakata magurudumu. Nilijua ndala ni ya nani, maana asubuhi nilikuwa nimetafuta zangu nikapata mguu mmoja tu. Badala ya kumkaripia nilichuchumaa nikamwonyesha kwamba magurudumu ya nyuma yanatakiwa kuwa makubwa kuliko ya mbele. Halafu nikakumbuka ni nani aliyenifundisha mimi, na hasira ya miaka mingi ikanipanda upya.

Niwaambie mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari: mimi ni mtu wa kisasi. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba watoto wake wengine walizaliwa na meno ya kutafunia, mimi nikazaliwa na meno ya kuuma. Makosa ya watu siyasahau. Naweza kukaa mwaka mzima nikimchekea mtu huku namhesabia siku. Haya ninayowasimulia sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani kwetu, na mama alikufa bila kuyajua.

Nilikulia upande wa Mabawe, wilayani Ngara, kwenye kilima chenye migomba juu na bonde chini. Bondeni kulikuwa na shamba la mradi fulani, na shamba hilo lilikuwa na trekta la rangi ya machungwa. Sisi sote tulikuwa watu wa jembe la mkono. Trekta lile lilipoanza kuunguruma msimu wa kulima, watoto wa kilima kizima tuliacha kuni na maji njiani tukateremka mbio kwenda kulitazama. Nilipenda kila kitu chake: moshi wake, matope yaliyoganda kwenye magurudumu, na ule udongo mweusi uliogeuka mgongo juu ukiwa bado una jasho. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nikikua sitaolewa na mtu asiye na trekta. Baadaye nilibadili mawazo nikanunua la kwangu.

Kwa sababu trekta la kweli hatukuruhusiwa hata kuligusa, tulitengeneza ya kwetu. Langu nililiunda kwa mikono yangu kutoka kwenye kopo la mafuta ya msaada. Makopo hayo yalijaa kila soko mwaka ule, maana wakimbizi walikuwa wamevuka kwa maelfu na chakula cha msaada kilikuwa kikipita barabarani kila siku. Ekseli zilikuwa spoki za baiskeli. Magurudumu yalikuwa ndala za baba, na kwa ajili ya hizo nilichapwa fimbo nne ambazo sikuzijutia. Nyuma nilifunga kipande cha mti chenye misumari minne iliyopindwa, na udongo ukiwa na unyevu misumari ile ilichora matuta manne kwa mpigo. Ubavuni, kwa ncha ya msumari, niliandika jina langu kwa herufi kubwa: PISTA.

Mchezo wetu ulikuwa na sheria. Nyuma ya jiko letu, pembeni mwa migomba, kila mtoto alikuwa na shamba lake la hatua tatu kwa tatu. Ulilima kwa trekta lako, siyo kwa jembe wala kwa kijiti, kisha ukapanda maharage ya kweli. Shamba la kwanza kutoa maua ndilo lililoshinda, na mwenye shamba akawa meneja hadi msimu mwingine. Meneja alikuwa na mamlaka ya kugawa viwanja, kuamua ugomvi na kula ndizi ya kwanza. Nilikuwa meneja misimu miwili mfululizo, na sikuwa na mpango wa kuachia.

Basi mvua za vuli zilipokaribia, wakaja Deo na mama yake. Walikuwa wametoka Burundi kwa miguu. Mama Deo alimfahamu mama yangu kutoka soko la mpakani, ambako zamani walikuwa wakiuziana ndizi na chumvi, kwa hiyo hakwenda kambini. Alikuja moja kwa moja nyumbani, akiwa na godoro jembamba na mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili. Waliwekwa kwenye jiko letu la zamani. Siku ya tatu mama alimkabidhi jembe huku akicheka, akamwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Deo naye alicheka. Baba akamwonyesha kipande cha ardhi chini ya migomba apande chochote atakachopata.

Deo alikuwa mtoto wa dereva wa trekta. Baba yake alikuwa akiendesha kwenye mashamba ya tajiri mmoja huko kwao, na walipokimbia yeye alibaki nyuma, na hakuna aliyejua aliko. Trekta la bondeni likianza kuunguruma Deo aliacha kula. Wiki mbili za mwanzo mimi na yeye tulikaa juu ya kichuguu kila jioni, na bila kutazama bondeni aliweza kuniambia kinachoendelea: sasa ameingiza gia ya pili, sasa jembe limegonga jiwe, sasa dereva ameshuka kukojoa. Nilimpenda. Naliandika hili kwa shida, lakini ni kweli.

Kisha siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta trekta langu halipo chini ya kitanda. Deo hakuwa ameanza shule bado. Nilimkuta nyuma ya jiko amezungukwa na watoto wote wa mchezo, na mkononi alikuwa na kitu kilichokuwa trekta langu. Alikuwa amelifumua lote. Magurudumu ya nyuma yalikuwa makubwa, ya mbele madogo, na waya mrefu ulitoka kwenye ekseli ya mbele ukapanda hadi usawa wa kiuno, juu ukaishia kwenye usukani wa duara. Trekta lilikuwa likikata kona. Langu halikuwahi kukata kona hata siku moja. Ukifika mwisho wa tuta ulilazimika kulinyanyua na kuligeuza. Watoto walikuwa wakipanga foleni kushika usukani. Na ubavuni jina langu lilikuwa limekwanguliwa kwa jiwe. Badala yake aliandika namba, na watoto wakanieleza kwamba ni namba ya trekta la baba yake.

Deo alinitazama akitabasamu, akasema, "Nimekutengenezea."

Leo naweza kukaa nikaelewa kwa nini mtoto yule aliandika namba ile. Siku ile sikutaka kuelewa, na hata leo herufi zile tano zinaniuma. Nililia mbele ya watu wangu, mimi meneja. Nilipomkimbilia mama aliniambia neno ambalo nilikuwa nimelisikia mara mia tangu waje: huyu ni mgeni, mwache acheze. Nikamwacha acheze. Usiku na mchana nilikuwa nawaza namna ya kumlipa.

Nafasi ilikuja yenyewe. Mama alikwenda Rulenge kumuuguza shangazi aliyelazwa hospitalini, akaniachia nyumba kwa siku tatu. Siku ya kwanza Deo alikuja mlangoni, akasimama kwa adabu, akasema ameomba mbegu ya maharage na mama yangu alishakubali. Akasema hivyo tu, mbegu ya maharage. Mimi nikajua moja kwa moja: anataka kupanda kiwanja chake cha mchezo, na kwa trekta langu lililoibwa atanipokonya umeneja. Nikamwambia arudi kesho.

Kwetu mbegu hainyimwi. Mama alishika sana jambo hilo. Aliamini kwamba mbegu uliyomnyima jirani haitaota hata katika shamba lako. Kwa hiyo sikuthubutu kumnyima. Lakini mama alikuwa na neno jingine pia. Kila alipotundika kibuyu cha mbegu alihakikisha kiko mbali na meko, akisema mbegu iliyoonja moto haioti. Nikayachukua maneno yake mawili nikayaunganisha.

Nilichota maharage kutoka kwenye kibuyu, nikayapangusa majivu, nikayamwaga kwenye sufuria kavu juu ya makaa. Niliyakoroga taratibu kwa mwiko, bila kuyaacha yapasuke, hadi yakapoteza mng'ao na jiko likaanza kunukia kama kuna mtu anakaanga karanga. Yalipopoa niliyachanganya tena na majivu. Kwetu mbegu huhifadhiwa kwenye majivu ili isiliwe na wadudu, kwa hiyo hakuna mtu angeshangaa kuyaona yamefifia. Na kwa kuwa ubaya wangu haukuwa mdogo, sikumpa konzi moja. Nilichukua bakuli kubwa la bati la mama, lenye maua ya bluu, nikalijaza hadi likafanya kilima. Nilitaka apande kila mahali, aaibike kila mahali.

Deo alilipokea kwa mikono miwili. "Urakoze, Pista," alisema, yaani asante kwa lugha yao. Nilimjibu kwa sauti ya mtu mwema.

Kesho yake nilikwenda nyuma ya jiko kutazama kiwanja chake. Hakikuwa kimepandwa. Nilizunguka migomba, na huko chini, kwenye kile kipande ambacho baba aliwapa, nikamwona mama Deo ameinama. Alikuwa akipanda shimo kwa shimo, mbegu mbili mbili, na bakuli la maua ya bluu lilikuwa pembeni yake, limebaki nusu.

Ningeweza kusema. Nataka mjue kwamba nilisimama pale kwa muda wa kutosha kusema, na maneno yalikuwepo mdomoni. Niliogopa fimbo ya mama. Lakini haikuwa fimbo peke yake. Sehemu ya moyo wangu ilikuwa bado inafurahi, ikisema wamelitaka wenyewe. Nikarudi juu nikachambua mchele.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule. Siku ya sita maharage yetu yalitoka yakiwa yameinamisha shingo, na siku ya nane kilima chote kilikuwa kijani. Kipande cha mama Deo kilibaki cheusi. Kila asubuhi, kabla hajaosha hata uso, alishuka pale, akachuchumaa, akafukua shimo moja kwa kidole cha shahada, akatazama, akafukia. Kesho yake alifukua jingine. Nilimwona kwa sababu njia ya kisimani ilipita pale, na hapakuwa na njia nyingine.

Asubuhi moja nilimwona amefukua mbegu, akaipangusa kwenye kanga yake na kuitia mdomoni. Aliitafuna polepole. Kisha akaitemea kiganjani, akaitazama, akanyanyua uso kuelekea nyumbani kwetu. Nilikuwa njiani na ndoo kichwani, na nikadhani ana njaa kiasi cha kula mbegu zake. Nilimwamkia haraka ili nipite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, kama alivyonijibu kila siku.

Mama aliporudi alisikitika sana. Alilaumu ndege, kisha mchwa, kisha macho ya watu. Mama Deo alikubaliana naye kwa kila kitu, akasema labda ardhi haijawazoea. Mbegu ya pili haikuwepo, tulikuwa tumeshapanda yote, na hata ingekuwepo muda ulikuwa umepita. Msimu ule wote mama Deo alipalilia mashamba ya watu kwa malipo ya chakula: muhogo hapa, viazi pale, na maharage kidogo watu walipovuna. Jioni alirudi na matope hadi magotini. Deo aliacha mchezo akamfuata kwenye vibarua, na mimi nikawa meneja kwa mara ya tatu. Niliila ile ndizi ya kwanza, na sikumbuki ladha yake.

Masika yalipokaribia, serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wote waliokaa majumbani waende kambini. Asubuhi waliyoondoka, mama Deo alikuja mlangoni amelishika bakuli la maua ya bluu kwa mikono miwili. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, sote tunajua hivyo. Lilikuwa limejaa maharage yaliyopakwa majivu, yamefanya kilima juu kama nilivyofanya mimi. Mama alipiga kite, akamwambia hapana, nyinyi ndio mnakwenda kwenye shida, chukueni mkale. Mama Deo alikataa. Alisema hayo si ya nyumba, ni ya Pista, kwa sababu Pista ndiye aliyewapa mbegu. Akanikabidhi mimi, akanitazama usoni.

"Panda, mwanangu," alisema. "Trekta yako irime," yaani ilime, kwa matamshi ya kwao.

Nyuma yake Deo aliweka trekta chini, mlangoni. Walishika njia na godoro lao, na mama akanifinya bega akaniambia nione watu walivyo na shukrani.

Siku hiyohiyo nililima. Lazima niseme ukweli: trekta lile lililima vizuri kuliko lilivyowahi. Lilifika mwisho wa tuta likakata kona lenyewe, na usukani ulikaa mkononi mwangu barabara. Nilipanda kiwanja changu, nikapanda na vile vya wenzangu waliokosa mbegu, maana sasa nilikuwa meneja mwenye mali. Mvua ikanyesha. Siku ya sita nilitazama. Siku ya nane nilitazama. Viwanja vya wengine vilitoka, changu na vya wale niliowagawia vilibaki vyeusi, na watoto wakaanza kunicheka. Kila asubuhi kabla ya shule nilichuchumaa nikafukua kwa kidole, nikatazama, nikafukia. Nililaumu ndege. Nililaumu Deo, nikaamini ameyatia dawa, nikaapa nikikutana naye nitamvunja mkono. Umeneja ukaenda kwa mtoto wa jirani aliyekuwa na trekta la udongo wa kichuguu. Mtamcheka mtoto huyu mjinga, lakini sikuiunganisha habari. Mwenye hila hadhani kwamba na mwenzake anayo.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, hapahapa Kaniha. Mteja mmoja niliyemlimia shamba alikuja kunililia kwamba maharage aliyonunua gulioni hayajaota, akidhani trekta langu limefukua udongo mbovu. Nilikwenda, nikafukua mbegu moja, nikaipangusa, nikaiuma. Ilivunjika kavu kati ya meno, na ladha ya karanga ikanijaa mdomoni. Nilisimama pale shambani, mbegu kiganjani, nikamwona mama Deo amenyanyua uso kuelekea nyumbani kwetu. Hakuwa akila. Mwanamke aliyepika maharage maisha yake yote alikuwa akionja moto. Alijua tangu asubuhi ile, na katika nyumba ile mtu aliyebaki peke yake na mbegu alikuwa mmoja tu. Akanijibu marahaba mwanangu, asubuhi hiyo na asubuhi zote zilizofuata, akakaa kimya msimu mzima akinisubiri.

Nimeyapigia hesabu maharage yale mara nyingi. Aliyapata konzi kwa konzi, kwa mgongo wake, kwenye palizi za watu, akiwa na mtoto mwenye njaa. Chakula cha siku nne au tano kilikuwa mle. Akakiweka kwenye sufuria kavu juu ya makaa, akakoroga, asile. Kipimo kilekile, bakuli lilelile, hata kilima cha juu hakukisahau. Na hakumwambia mama yangu, maana fimbo za mama zingekwisha kwa siku moja na mimi ningelia, nikasamehewa, nikasahau. Mimi najiita mtu wa kisasi, lakini sijawahi kulipa kwa bei ile.

Siwezi kumsamehe, na siwezi kumwomba msamaha, kwa sababu sijui waliishia wapi. Amenishinda, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko herufi zangu.

Juzi, yule msichana alipomaliza magurudumu yake, aliniomba mbegu za maharage za kupanda. Nilichota konzi kutoka kwenye kibuyu changu, nikachagua moja, nikaiuma mbele yake mpaka nikaonja ubichi wake. Kisha nikatoa mbegu nyingine ya chini nikaiuma na yenyewe. Akaniuliza kwa nini nakula mbegu zake. Nikamwambia nahakikisha, kwa sababu zamani kule kwetu kulikuwa na msichana mwenye roho mbaya sana. Akauliza kama msichana huyo bado yupo. Nikammiminia maharage kwenye sketi yake, nikamwambia akapande.